Aliyekutuma Ana Mdomo

"Nakwenda Meksiko, na nitarudi na moja kati ya mawili," Teopista alimwambia binti yake Umwali, huku amelikalia sanduku ili lifunge. "Baba Kalisa akiniuliza, nitamkubali hapo hapo. Asiponiuliza mpaka ndege ya kurudi inaruka, basi nitakuwa nimekwenda kutalii tu, na simu zake za Jumamosi sizipokei tena."

"Mom, just ask him yourself," alisema Umwali bila kuinua uso kwenye simu yake.

"Mimi nichumbie mwanaume? Vuta hiyo zipu, acha maneno."

Hayo yalisemwa Buffalo, Marekani, kwenye nyumba ya ghorofa wanayopanga nyuma ya Grant Street, na Teopista hakuwa mwanamke wa kutishia nyau. Kule ghalani alikofanya kazi aliongoza zamu ya wanaume wazima, na wakipiga soga walinyamaza akipita. Kuendesha gari alijifunza mwezi wa Januari, barafu ikiwa imetanda barabarani, kwa hoja kwamba atakayeweza Januari hatashindwa Julai. Alimzika mume, akalea watoto wawili peke yake, na usingizi wake aliulala wote. Akisema jambo, limesemwa.

Huyo Baba Kalisa ndiye Sylveri, mgane wa Louisville, mtu wa kiwandani, mrefu, mpole, mwenye sauti ya besi inayotikisa madirisha ya kanisa. Walikutana Columbus kwenye kongamano la kwaya za Warundi, na tangu siku ile hakuna Jumamosi iliyopita bila yeye kupiga simu. Alizungumzia unga wa muhogo. Alizungumzia theluji, injini ya gari lake, mahubiri ya wiki iliyopita. Teopista alikaa na simu sikioni akingoja neno moja tu, na neno lenyewe likawa linapita nje ya mlango kila wiki bila kubisha hodi.

Alikuwa na sababu ya kulingoja. Aliolewa akiwa msichana mdogo, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Siku ya posa yeye na binamu zake waliwekwa nyuma ya turubai, wakasikiliza msemaji wa upande wa mume akipambana kwa maneno na baba yake mdogo. Kwa desturi ya kwao, hakuna anayetaja msichana siku hiyo. Kinachotajwa ni mtamba aliyepotea, nyayo zake, zizi lake, maziwa atakayotoa. Yule msemaji alikuwa fundi, watu walipiga makofi, na Teopista mwenyewe alicheka kwa fahari nyuma ya turubai lake. Pombe ya ndizi ilipokwisha, alikuwa mke wa mtu. Marehemu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini neno la kwanza alilomwambia kwa mdomo wake mwenyewe lilikuwa, "Maji ya kunawa yako wapi?"

Ndiyo maana Teopista alitaka, mara moja tu katika maisha yake, aulizwe na mwenye haja.

Safari yenyewe iliandaliwa na Truphosa, nesi Mkenya wa Columbus anayesali na Warundi na ambaye kila mwaka huwachukua wanakwaya kwenda kuona dunia. Mwaka huu alichagua Yucatán, kwenye miji ya kale ambayo Wahispania waliijenga juu ya miji ya Wamaya. Kikundi kilikusanyika Northland, mtaa wa Columbus, kwa Mama Spés, bibi mwenye heshima zake anayekaa kwenye nyumba za kupanga karibu na Morse Road. Watu walilala mpaka jikoni.

"Guys, tuko na flight mapema sana," Truphosa alitangaza. "Please, mtu asinicheleweshe. Na mtu asibebe dagaa."

Wawili walitoa dagaa kwenye mabegi yao kwa huzuni.

Sylveri aliwasili jioni kutoka Louisville, na alikuwa na mtu. Teopista alipomwona huyo mtu, moyo wake ulishuka mpaka kwenye viatu. Alikuwa Revokatus. Kuanzia Louisville mpaka Buffalo hakuna Mrundi aliyeoa kwa heshima bila Revokatus kumsemea, na alikuwa amelibeba begani, ndani ya mfuko wake wa plastiki, lile koti lake jeusi la kuposea.

Hakuna mtu anayemchukua Revokatus pamoja na koti lake kwenda kupunga upepo. Teopista aliwasalimia wote wawili kwa mikono miwili, akaenda jikoni, akakatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Mérida, mji mkuu wa Yucatán, iliwapokea kwa joto la kuokea mkate. Mwongozaji wao aliitwa Wilberth, mtu wa makamo aliyezungumza Kimaya na mama yake na Kihispania na majirani, na kwa wageni alitumia Kiingereza, ambacho Truphosa aliwageuzia kwa Kiswahili chake cha Nairobi. Aliwapeleka uwanja mkubwa wa katikati ya mji. Aliwaonyesha kanisa kuu, akawaambia waweke viganja kwenye ukuta, kwani mawe yale yalikuwa mahekalu ya Wamaya kabla ya kubomolewa na kupangwa upya kuwa nyumba ya Bwana. Akawaonyesha nyumba ya bwana mmoja wa Kihispania, yenye sanamu za askari mlangoni wakiwa wamesimama juu ya vichwa vya watu.

"Wakaweka na mlangoni kabisa," alisema Mama Spés, "ili mgeni asije akauliza nani alishinda."

Kisha wakafika kwenye viti. Vilikuwa vyeupe, vya saruji, viwili viwili, vimeungana kama herufi S, hata anayekaa huku anatazama mashariki na anayekaa kule anatazama magharibi, lakini wakigeuza shingo kidogo tu nyuso zao zinakutana. Wilberth alisema ni viti vya kuambiana siri. Watu husimulia kwamba baba mmoja alivitengeneza ili binti yake azungumze na mchumba uso kwa uso, bila magoti kugusana.

"Ndivyo wanavyosema," aliongeza Wilberth. "Mimi sikuwepo."

Teopista alikaa kwenye kimoja, akapanga gauni lake vizuri, akaacha upande wa pili wazi. Hakumtazama Sylveri. Hakuwa na haja, kwani kila mtu kwenye kikundi alikuwa akimtazama kwa niaba yake. Alisikia nyayo zikija. Alisikia mtu akikaa kwa kishindo, na akanusa harufu ya nguo iliyotoka kwa dobi.

Revokatus alikuwa amevaa koti. Katika joto lile, na tai juu yake.

Alikohoa kikohozi chake cha harusini. "Mama Umwali, sisi ni watu wa mbali. Tumetoka Louisville na fimbo zetu mkononi. Zizi letu limepungua, nasi tukafuata nyayo. Tumepita Columbus, tumepita juu ya mawingu na maji, na nyayo za mtamba tunaomtafuta zimeishia kwenye ua wenu."

"Baba Revokatus, hii ni bustani ya mji. Hakuna ua hapa. Ng'ombe hajapita. Nipo mimi."

Revokatus alitabasamu kwa raha, maana upande wa msichana lazima ukatae kwanza. "Ndivyo wenye mali wanavyotujibu siku zote. Lakini sisi macho tunayo, na mtamba tumemwona, ana pembe nzuri..."

"Sina pembe!"

"...na mwendo wa taratibu."

Hapo Teopista aligundua kwamba kila anavyokataa ndivyo anavyomwongezea mwenzake chakula. Angeweza kukataa mpaka jua lizame na Revokatus angenenepa. Basi akaiweka desturi pembeni.

"Nisikilize vizuri. Aliyekutuma ana mdomo. Anakula nao, anaimba nao, kila Jumamosi ananiambia nao habari za injini. Nenda kamwambie autumie."

Revokatus alinyanyuka. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola, lakini alikufa na tai shingoni, akainama kwa adabu, akaondoka taratibu kama balozi. Sylveri alikuwa amesimama karibu na muuza aiskrimu, akiwatazama njiwa kana kwamba ameajiriwa kuwalinda. Teopista alibaki na kiti chake cha wawili. Alikasirika, na chini ya hasira palikuwa na kitu kinachouma zaidi, maana alimpenda mwanaume yule na alikuwa amechoka kusubiri.

Kesho yake walikwenda Izamal, mji ambao nyumba zake zote zimepakwa rangi ya njano, kuanzia soko mpaka kituo cha polisi. Katikati ya mji kuna konventi kubwa ya mapadri Wafransisko iliyokaa juu ya piramidi ya Wamaya iliyokatwa kichwa. Wilberth aliwasimulia kwamba mapadri walipofika mwanzoni walihubiri kupitia wakalimani, na hawakuwa na hakika wakalimani wanasema nini. Baadhi yao wakakaa chini na wazee, wakajifunza Kimaya, wakaanza kuhubiri wenyewe.

"Umesikia, Baba Kalisa?" Teopista aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Hata padri ilibidi ajifunze kusema mwenyewe."

Kwaya ilicheka. Sylveri hakucheka. Revokatus alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kupita uchafu uliokuwepo.

Piramidi nyingine ya mji ule, ile kubwa, haikukatwa, na mtu anaruhusiwa kuipanda. Mawe yake ni makubwa na mgongo wake ni mkali. Mama Spés alisema yeye milima yake aliimaliza Burundi, akabaki kivulini na wengine wengi. Teopista alipanda bila kupumzika. Alipofika juu na kugeuka, alimwona Sylveri anakuja nyuma yake peke yake, akihema, kofia mkononi.

Walisimama juu ya dunia nzima. Chini yao mji ulikuwa wa njano, na baada ya mji ni pori la kijani mpaka linapokutana na mbingu.

"Umemrudisha Revokatus kama mtoto aliyekosea nyumba," alisema Sylveri.

"Nimemrudisha kwa sababu simsubiri yeye."

Sylveri aliivaa kofia, akaivua tena. "Mama Umwali, kwetu mwanamke anayesimamishwa njiani na kuulizwa ni yule asiye na watu. Nikikuuliza mimi mwenyewe hapa juu ya mawe, wa kwako hayupo, wa kwangu hayupo, itakuwa nimekuokota. Mimi sitaki watu waseme nimekuokota."

"Watu gani?"

Akazungusha mkono, akaonyesha pori lote lile lisilo na mtu. "Watu."

Teopista alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. "Mimi niliombwa kwa heshima zote, Baba Kalisa. Wazee walikuja, mitungi ilipangwa, msemaji akasifiwa mwaka mzima. Niliombwa. Sikuulizwa. Hakuna hata mmoja aliyechungulia nyuma ya turubai akasema, na wewe je, binti, unaonaje?"

Sylveri alifungua mdomo. Teopista aliuona ukifunguka. Lakini wakati ule ule wanakwaya watatu wakatokeza kwenye ukingo wakipiga kelele za ushindi na kutafuta wa kuwapiga picha, na mdomo ukafungwa. Sylveri alishuka kinyumenyume, akishika jiwe kwa jiwe, na siku ile hakusema na Teopista tena. Jioni, kwenye chakula, alikaa meza ya pili. Teopista alikula maharage yake meusi akajiuliza, kwa mara ya kwanza tangu Buffalo, kama hakuwa amefunga mlango aliotaka ufunguliwe.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Valladolid. Nyumba za mji ule ni za rangi za pipi, na hatua chache tu kutoka sokoni ardhi imefunguka ikawa shimo kubwa lenye maji ya kijani chini yake, popo wakining'inia juu na watoto wakijirusha. Wamaya walikunywa maji yale kabla Wahispania hawajazaliwa. Mama Spés alivua viatu, akatumbukiza miguu, akamwita Teopista akae karibu.

"Mwanangu, unamwonea yule baba."

"Namwonea nini, mama? Nimemwomba aseme maneno yasiyojaza hata kijiko."

"Nyamaza kwanza. Wakati wa baridi alikuja kwangu, Morse Road, theluji imefika magotini. Amevaa suti. Ameshika kreti ya Fanta, kama mtu anayekwenda ukweni. Nikamuuliza, baba, umepotea? Akasema hapana. Akakaa, akanieleza. Alikuwa amepiga simu Burundi, kule Rutana, kwa kila mtu anayelijua jina la babu yako. Amepiga Kigoma. Amepiga Kanada na Australia. Anatafuta mtu mmoja wa ukoo wako ambaye anaweza kumwendea kukuomba."

Teopista, ambaye naye alikuwa akichezea maji kwa mguu, alitulia.

"Hakumpata," alisema Mama Spés. "Baba zako wadogo wamekwisha. Kaka yako hakuna anayejua alipo. Yule baba akalia mbele yangu, mtu mzima vile. Akaniambia, Mama Spés, namtaka kwa heshima, ila sina mlango wa kubisha hodi. Naomba wewe uwe nyumba yake."

Teopista mwenyewe alishaacha kumtafuta kaka yake, kwa sababu kila simu ilimrudishia maumivu yale yale. Na huku Louisville, mtu mwingine alikuwa akitoka kiwandani, anaosha mikono, anapiga simu usiku wa Louisville, asubuhi ya Burundi, akiwauliza wageni habari za watu wake, halafu Jumamosi anampigia na kumweleza habari za injini. Alilia pale pale kwenye ngazi za mawe, na hakujificha. Watoto wa Kimaya waliacha kujirusha kidogo, wakamtazama, wakaendelea.

"Mvutano wangu uko kwenye sanduku," alisema Mama Spés, akimaanisha lile vazi la heshima ambalo mwanamke wa Burundi hulifunga begani. "Nilikuwa niuvae juzi, pale kwenye viti. Revokatus akimaliza kubisha hodi, nitokee mimi. Lakini wewe ukamfukuza kabla sijafika hata chooni kubadilisha."

Teopista alijipangusa uso kwa kiganja. Ukimtazama ungesema anapanga zamu.

"Mama, uvae kesho," alisema. "Uwe nyumba yangu. Maneno yote ya ng'ombe uyajibu wewe, na usimrahisishie. Ila ukimaliza, mlete Baba Kalisa mwenyewe kwenye kile kiti. Halafu nenda ukakae mbali. Mbali kabisa, nisikuone."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa nitapanda ndege na nyumba yangu."

Basi jioni ya mwisho, jua lilipoanza kupoa juu ya uwanja wa Mérida, wenyeji waliokuja kupunga upepo waliona jambo ambalo mji ule, pamoja na miaka yake yote, ulikuwa haujaliona. Upande mmoja alisimama Revokatus na koti lake na tai yake, na Sylveri nyuma yake, na nusu ya kwaya. Upande wa pili alisimama Mama Spés ndani ya mvutano wa buluu na dhahabu, na nusu iliyobaki. Soda zilinunuliwa dukani kona ya pili zikapangwa chini kwa mstari. Teopista alikaa kwenye kiti cheupe, mgongo umenyooka, na safari hii hapakuwa na turubai kati yake na mtu yeyote.

Revokatus aliwaka. Alizitoa nyayo Louisville akazileta Mérida jiwe kwa jiwe. Alipitia Columbus, akasifia Buffalo mpaka theluji yake ikaonekana neema. Mama Spés alimkatalia kila kitu. Alisema ua wao hauna ng'ombe. Alisema kama wana ng'ombe si huyo. Alisema kama ni huyo, basi huyo hafungwi kamba, anajua njia ya kwenda malishoni na ya kurudi, na ana leseni ya kuendesha gari. Watu walipiga makofi. Muuza aiskrimu aliacha kuuza. Teopista alisikiliza bibi wa watu akimpigania mbele ya ulimwengu, akasikia kifua kinajaa, maana tangu baba yake mdogo afe hakuna aliyewahi kusema "mtoto wetu" na kumaanisha yeye.

"Tumewasikia," Mama Spés alisema mwishoni. "Lakini nyumba yetu ina sharti, nalo hujawahi kukutana nalo popote ulipotumwa. Huyu mtoto wetu tukikupa jibu sisi, litakuwa la kwetu. La kwake analo mwenyewe. Aliyekutuma aje aliulizie."

Revokatus aligeuka kulia, akageuka kushoto. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikosa neno. Kisha akafanya jambo lililomwongezea heshima mpaka leo. Akavua koti, akamvika Sylveri begani, akakaa kando.

Sylveri alikuja. Mama Spés, kama alivyoagizwa, aliwakusanya watu wote kama kuku, akavuka nao uwanja mpaka upande wa kanisa kuu. Truphosa alijaribu kubaki na simu yake juu.

"Aki ni video moja tu, ya memories!"

"Wewe nawe, twende," alisema Mama Spés, akamvuta mkono.

Kiti kilibaki na watu wawili. Sylveri alitazama mashariki, Teopista magharibi. Kisha wakageuza shingo, na uso wa Sylveri ulikuwa karibu kuliko Teopista alivyotarajia. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa, na hakuuficha.

"Teopista," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Mwaka mzima wa Jumamosi alikuwa Mama Umwali.

"Mimi sijui kupamba. Revokatus amemaliza mapambo yote. Mimi ni Sylveri. Najua una nyumba yako Buffalo, na kazi yako, na usingizi wako unaulala vizuri. Sikuja kukuokoa. Nakuuliza wewe. Unanitaka? Ukisema hapana, sanduku lako nitalibeba mpaka uwanja wa ndege vile vile, na Jumamosi nitakaa kimya. Na wewe je, unaonaje?"

Alikuwa amesema. Yote, kwa mdomo wake, mpaka lile la nyuma ya turubai alilisikia na kulishika.

Teopista alifungua kinywa ili ajibu hapo hapo, kama alivyoapa, na hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Neno lilikuwepo, alilijua, alikuwa amelibeba toka Buffalo na kabla ya Buffalo, lakini lilikwama kooni. Hakuna aliyewahi kumfundisha kulitoa. Alimtafuta Mama Spés kwa macho, amsaidie, amsemee japo hili moja tu. Ng'ambo ya uwanja Mama Spés alikuwa amewapa mgongo, mvutano wake ukipepea, anatafuna keki ya jibini ya barabarani na kwaya yote imemzunguka. Mbali kabisa, kama alivyoamriwa.

Ndipo Teopista alipoelewa kwa nini mtu mzima mwenye sauti ya kutikisa madirisha angevuka mipaka na msemaji na koti lake. Akamwonea huruma, na akajionea huruma mwenyewe, na machozi yakamtoka huku anacheka.

Sylveri alianza kunyanyuka. "Basi, nimekuelewa, si neno..."

"Kaa!" Hilo lilitoka, tena kwa sauti ya ghalani. Akamshika mkono juu ya saruji nyeupe. "Kaa hapo. Jibu lipo. Linakuja."

Sylveri akakaa. Hakumhimiza wala hakumsaidia. Alingoja, kama mtu ambaye swali lake mwenyewe lilimchukua mwaka mzima. Kengele za kanisa zililia juu ya yale mawe ya kale, zikanyamaza.

"Ndiyo," alisema Teopista.

"Sijasikia," alisema Sylveri, kwa unyenyekevu kabisa, kwa sababu kweli hakusikia.

Akalirudia, na safari hii Mama Spés aligeuka toka ng'ambo ya uwanja.